Nimehamia faiba ya megabiti 300, kompyuta imegoma kwenye 94. Wajuzi naomba msaada

Kinanda (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Naomba mnisomee hadi mwisho, maana nimebakiwa na siku 11 tu za kuamua.

Kwa miaka mitano nimetumia intaneti ya waya wa simu. Kupakua megabiti 14, kupakia haifiki hata 1. Ilikuwa ya polepole lakini tabia zake nilishazijua. Mwezi huu faiba imefika mtaani kwetu kupitia kampuni nyingine, nikachukua kifurushi cha megabiti 300 kupakua na 50 kupakia. Fundi alikuja Jumanne, akapitisha uzi ukutani, akafunga kile kisanduku cheupe na ruta yao, akapima kwa simu yake akiwa amesimama mbele ya ruta ikasoma 280 na kitu. Nikasaini, akaondoka.

Jioni nikaanza kupima mwenyewe. Kompyuta ya chumba cha kazi, ambayo inapata intaneti kwa waya uliopita ndani ya ukuta, inasoma 94. Nimepima mara sita: 94.1, 93.9, 94.2. Asubuhi hivyo, usiku hivyo. Simu nikiwa chumba cha kulala inasoma 38, dakika kumi baadaye 13, halafu 38 tena. Mikutano ya video nayo imenitia hofu: mwanangu akianza tu kupakia video za masomo yake, wenzangu wananiambia sauti inakatika. Na hapo kasi ya kupakia ni zaidi ya mara hamsini ya ile ya zamani!

La mwisho ndilo linaloniumiza. Mama yangu anaumwa, mchana anabaki na msaidizi. Sebuleni kuna kamera ambayo nilikuwa naifungua kwenye simu nikiwa kazini. Tangu Jumanne nikiwa nje haifunguki. Nikirudi nyumbani inafunguka vizuri kabisa.

Laini ya zamani bado haijakatwa. Mkataba mpya unaniruhusu kurudisha ndani ya siku 14. Nirudishe?

Hesabu_Kali

Kabla hatujaenda mbali, una uhakika huchanganyi megabiti na megabaiti? Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, lakini faili likishuka kompyuta inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 300 ni megabaiti 37.5 kwa sekunde. Watu wengi wanagombana na kampuni kwa hilo.

Kinanda

Asante mkuu. Hapana, yote niliyoandika ni megabiti.

Msafiri_wa_Usiku

Rudisha dada. Mimi nilihama mwaka jana kwa ahadi kama hizo. Mchana inapaa, ikifika saa mbili usiku inaanguka kutoka 100 hadi 9, na ukipiga simu wanakwambia zima uwashe. Nilivumilia miezi minne nikarudi nilikotoka. Laini ya 14 inayotulia ni bora kuliko 300 ya kubahatisha.

Koleo

Dada Kinanda, pole na kuuguza. Usirudishe kitu bado. Nimefanya kazi ya kufunga mitandao majumbani kwa miaka mingi, na hiyo 94 yako imenieleza mengi kuliko maelezo mengine yote uliyoweka.

Laini yenye matatizo haitulii. Leo 120, kesho 60, usiku 30. Namba ikiganda mahali pamoja asubuhi na usiku, ujue imegonga dari. Na dari la 94 ni lile la kiungo cha megabiti 100. Tazama hesabu yake. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ya baiti 1500 ikipanda kwenye waya inaongezewa vichwa na nafasi ya kutenganisha, inachukua nafasi ya baiti 1538. Ndani ya zile 1500, baiti 52 ni anwani na maelezo ya safari, kwa hiyo data yako halisi ni 1448. Gawa 1448 kwa 1538 unapata asilimia 94.1. Ni namba yako ileile hadi kwenye nukta.

Maana yake, mahali fulani kati ya ruta na kompyuta kuna kipande kinachokwenda kwa 100 badala ya 1000. Inawezekana ni tundu la kifaa cha zamani, au ni waya. Mimi naweka dau kwenye waya wa ukutani. Kebo ya mtandao ina nyaya ndogo 8, yaani jozi 4. Kiungo cha gigabiti kinazitaka zote nane. Kiungo cha 100 kinatumia jozi 2 tu, pini namba 1, 2, 3 na 6. Ukikatika mmoja kati ya nyaya zile nyingine, mara nyingi ruta na kompyuta zinaelewana zishuke hadi 100, hazikupi onyo lolote, na kila kitu kinaendelea kufanya kazi.

Laini yako ya zamani ilikuwa 14. Waya huo ungeweza kuwa na jeraha tangu siku nyumba ilipopakwa rangi na usingejua, kwa sababu 14 inapita kwenye 100 bila kugusa kingo. Laini ndiyo ilikuwa sehemu nyembamba ya safari nzima, kwa hiyo ilificha kila ubovu uliokuwa nyuma yake. Sasa laini imepanuka, na wembamba umehamia ndani ya nyumba. Ndiyo maana watu wanahama, wanaona vitu vitatu vimeharibika siku moja, wanalaumu kampuni. Vingine viliharibika zamani.

Fanya hivi. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta, tafuta kasi ya kiungo cha waya. Ikisema 100/100, tumempata. Kisha hamisha kompyuta hadi kwenye ruta yenyewe, chomeka kwa kebo fupi mpya, upime. Ikisoma karibu na 300, kampuni imekuletea ilichoahidi, na hapo ndipo tutaanza kurudi nyuma chumba kwa chumba.

Habari ya simu, sauti na kamera tuziache kwanza. Ni matatizo manne tofauti, ukiyashika kwa pamoja utachanganyikiwa.

Koleo

Msafiri_wa_Usiku, yako ilikuwa ni kitu kingine. Kuanguka saa zilezile kila siku ni dalili ya msongamano upande wa kampuni, kwa sharti moja: uwe umepima kwa waya. Kwenye faiba nyingi za majumbani, aina ya GPON, uzi mmoja kutoka kituoni unabeba karibu gigabiti 2.5 kushuka na 1.25 kupanda, halafu unagawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Hilo peke yake si baya, kwa sababu watu hawapakui kwa kasi kamili kwa wakati mmoja. Tatizo linakuja kampuni inapojaza wateja kuliko njia yake ya kutokea nje. Wewe ulipima kwa waya?

Msafiri_wa_Usiku

Nilipima kwa simu, sebuleni. Kusema kweli sikuwahi kupima kwa waya.

Mwanga_wa_Pili

Dada Kinanda, hiyo 13 ya kwenye simu imenishtua. Umesema laini ya zamani ilikuwa 14. Ruta ya zamani umeizima? Na waifai mpya umeipa jina gani?

Kinanda

MREJESHO wa kwanza.

Koleo, Mungu akubariki. Kasi ya kiungo: 100/100. Nikabeba kompyuta hadi kwenye ruta, nikachomeka kwa kebo fupi iliyokuja na boksi: 1000/1000, na kipimo kikasoma 291. Nilipima tena nikidhani nimeona vibaya.

Kisha nikafungua tundu la ukutani chumba cha kazi. Skrubu mbili, nikavuta kifuniko taratibu. Nyaya zote zilikuwa zimebanwa mahali pake, rangi kwa rangi. Nilitaka kufunga. Nikaamua kuugusa kila waya kwa ncha ya kibanio, na ule wa kahawia ukatoka wenyewe, umekatika shingoni palepale unapoingia kwenye meno ya tundu. Shaba yake ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi, kwa hiyo si jeraha la Jumanne. Miaka miwili iliyopita tulisogeza kabati pale na mguu wake ulikuwa unakandamiza kebo.

Jirani ana kile kifaa cha kubania nyaya. Tumekata sentimita mbili, tumebana upya zote nane. Sasa chumba cha kazi kinasoma 289.

Mwanga_wa_Pili, hapana, ruta ya zamani sijaizima, ipo juu ya rafu na inawaka. Na ruta mpya nimeipa jina lilelile na nywila ileile ya zamani ili vifaa vya nyumbani vijiunge vyenyewe, maana niliona ni kazi kuvipitia kimoja kimoja. Nimekosea?

Mwanga_wa_Pili

Wazo la kubakiza jina na nywila ni zuri sana, na ninawashauri wote wanaohama wafanye hivyo. Ila ruta ya zamani lazima izimwe, au ibadilishwe jina. Sasa hivi nyumbani kwako kuna mitandao miwili yenye jina moja, na simu haijui kwamba nyuma ya mmoja kuna faiba na nyuma ya mwingine kuna waya wa simu. Inashika ule inaousikia vizuri. Chumbani ukilala upande wa rafu, unapata 13 ya kampuni ya zamani. Ukigeuka, unapata 38 ya mpya.

Na hiyo 38 nayo inasahihishika. Nadhani simu iko kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Hayo yanapenya kuta vizuri lakini ni ya polepole na yamejaa waifai za majirani, kwa sababu chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi na kasi zaidi, ila kila ukuta unayapunguza. Fundi aliweka wapi ruta?

Kinanda

Chini, kwenye kona nyuma ya televisheni, pale uzi wa faiba ulipoingilia.

Mwanga_wa_Pili

Mafundi wengi huiacha pale uzi ulipoishia, kwa sababu ndipo kazi yao inapoishia. Wewe huna haja ya kuiacha hapo. Kisanduku cheupe kibaki, maana uzi wa faiba haupendi kukunjwa wala kuvutwa, lakini ruta inaunganishwa nacho kwa kebo ya kawaida. Chukua kebo ya mita tano au kumi, ipandishe ruta juu, katikati ya nyumba, mbali na televisheni na maji. Upime tena ukiwa palepale kitandani, simu mkono uleule.

Shamba_la_Data

Samahani kuingilia uzi, ila nami nimehama na hali yangu ni tofauti. Nimetoka kampuni moja ya waya wa simu kwenda nyingine ya waya wa simu, na kasi imepungua kutoka 38 hadi 31. Nimewasha na kuzima ruta labda mara ishirini wiki hii.

Koleo

Shamba_la_Data, acha kuizima. Kwenye waya wa simu, jina la kampuni limebadilika lakini shaba iliyoko ardhini ni ileile, na umbali wako na kabati la mtaani ni uleule. Hutapata kasi ambayo waya hauwezi. Kinachobadilika ni mpangilio wa laini. Kampuni nyingi zina mfumo unaoichunguza laini siku za mwanzo, ukiona inakatika mara kwa mara unashusha kasi ili itulie. Wewe kila ukizima ruta, mfumo unaandika kwamba laini imekatika. Iache ikiwaka wiki mbili bila kuigusa. Na chomeka ruta kwenye tundu kuu la simu, pasiwe na waya mrefu wa ziada kati yake.

Kinanda

MREJESHO wa pili. Ruta ya zamani nimeizima. Mpya nimeipandisha juu ya kabati la vitabu ukumbini. Kitandani: 164. Simu ileile! Mwanga_wa_Pili, nashukuru mno.

Kumebaki sauti na kamera. Mwanangu anasema zamani video zilikuwa hazinisumbui kwa sababu alikuwa anazipakia usiku tumelala, zilichukua saa nzima na zaidi. Sasa anapakia akitoka tu masomoni, na ndiyo saa yangu ya mikutano.

Koleo

Mtoto ana macho. Fanya jaribio moja. Fungua dirisha la amri uandike ping -t 1.1.1.1, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, uache inaendelea. Andika wastani ukiwa umetulia. Kisha mwambie aanze kupakia, uangalie namba zinakwenda wapi.

Kinanda

Nyumba ikiwa kimya ni milisekunde 9 hadi 11. Alipoanza kupakia zikapanda 80, 210, 390, zikakaa 460 hivi. Alipositisha zikarudi 10 papo hapo. Hakuna pakiti hata moja iliyopotea.

Koleo

Umeona mwenyewe. Hiyo ni foleni.

Ruta na vifaa vya njiani vina ghala la kuweka pakiti zinazosubiri kutoka. Kompyuta ya mtoto inapakia kwa nguvu zote, 50 yote inajaa, ghala linajaa. Pakiti ya sauti yako, ndogo kabisa, ina baiti mia chache tu, inafika na kupangwa nyuma ya mlolongo wote wa video. Haipotei. Inachelewa karibu nusu sekunde, na sauti iliyochelewa kiasi hicho programu ya mkutano inaitupa kwa sababu zamu yake imeshapita. Mwenzako anasikia pengo.

Kuongeza kasi ya kifurushi hakuondoi hili. Hata ukipewa 100 ya kupakia, kompyuta itaijaza 100. Dawa ni kupanga foleni vizuri, na foleni ikae mahali unapoitawala wewe. Ruta yenye mfumo wa SQM inafanya hivyo: unaiwekea kikomo kidogo chini ya kasi halisi, tuseme 45 kwenye 50 yako, ili ghala la kampuni lisijae kamwe. Foleni inabaki kwenye ruta yako, na yenyewe inapitisha kila mazungumzo kwa zamu badala ya kumwacha mmoja azibe mlango. Unapoteza megabiti 5 za kupakia. Kwa kazi yako ni biashara nzuri sana.

Angalia kama ruta ya kampuni ina sehemu hiyo. Nyingi hazina. Zina kitu kinaitwa kipaumbele cha vifaa, ambacho mara nyingi hakisaidii.

Hesabu_Kali

Hapa nimejifunza. Miaka yote nimekuwa naangalia kasi tu, pingi naiangalia nikiwa sijapakua kitu. Naomba niulize na langu: nimehamia kampuni yenye kasi maradufu, lakini kwenye mchezo wa mtandaoni pingi imetoka 25 hadi 90, hata nyumba ikiwa kimya. Waya, si waifai.

Koleo

Kama nyumba iko kimya na unatumia waya, tatizo liko njiani. Mwanga ndani ya faiba unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ya njia inaongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Ongezeko la 65 ni kama kukuzungusha kilomita 6,500 za ziada. Kampuni mbili mtaa mmoja zinaweza kuwa na njia tofauti kabisa za kufika seva ileile, kulingana na zinabadilishana data na nani na wapi. Andika tracert na anwani ya seva, uone namba zinaruka kwenye hatua ya ngapi. Ukiona zimeruka ndani ya mtandao wa kampuni au pale zinapotoka, wapelekee matokeo hayo. Ruta mpya wala kebo mpya haitakusaidia.

Ndiyo maana pia kipimo cha kasi kinaweza kusoma vizuri huku tovuti fulani ikijivuta. Seva ya kipimo mara nyingi iko jirani, wakati mwingine ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Pima na seva ya mbali pia.

Nanga

Na kwangu baada ya kuhama kurasa chache hazifunguki kabisa, zingine zote sawa. Nimebadilisha DNS (ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), nimebadilisha kivinjari. Nachoka.

Koleo

Nanga, laini mpya inaingia kwa jina la mtumiaji na nywila kwenye ruta? Kama ndiyo, ni PPPoE, na hiyo inakula baiti 8 za kila pakiti, inabaki 1492 badala ya 1500. Pakiti kubwa inakwama, na tovuti nyingine hazipati taarifa kwamba imekwama. Kwenye Windows andika ping -f -l 1472 (ukijumlisha vichwa ni 1500) na anwani yoyote, kisha urudie kwa 1464 (hiyo ni 1492). Ikipita ya 1464 na ya 1472 ikakataliwa, weka MTU ya ruta, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe 1492.

Nanga

Ilikuwa 1500. Nimeweka 1492, zimefunguka. Wiki tatu wakuu, wiki tatu!

Mwanga_wa_Pili

Turudi kwa kamera ya mama. Dada Kinanda, ingia kwenye ruta, soma anwani ya IP ya upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zinafanana?

Kinanda

Hazifanani. Ya kwenye ruta inaanza na 100.72. Ya kwenye tovuti ni nyingine kabisa.

Mwanga_wa_Pili

Basi tumefika. Kila anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127 imetengwa, tangu mwaka 2012, kwa kazi moja: kampuni kuwagawia wateja anwani za ndani na kuwatoa nje wengi kwa anwani moja ya pamoja. Wanaita CGNAT. Anwani za IPv4, zile za aina ya zamani, ziko takriban bilioni 4.3 tu dunia nzima, na akiba kuu iligawiwa ikaisha Februari 2011. Kampuni ya zamani huenda ina akiba ya tangu enzi hizo, ikakupa anwani ya peke yako. Kampuni changa nyingi hazina.

Kwa kuvinjari hutaona tofauti. Lakini simu yako ikiwa kazini inapoiita kamera, wito unafika kwenye anwani ya pamoja na kuishia hapo, kwa sababu hakuna aliyeiambia kampuni kwamba mlango ule ni wa nyumba yako. Mlango uliofungua kwenye ruta yako hausaidii kitu, wito haufiki huko.

Waombe anwani ya umma. Tumia maneno hayohayo, "anwani ya IP ya umma, nitoeni kwenye CGNAT", usiseme tu kamera haifunguki maana watakuzungusha. Wakikataa, kuna njia ya IPv6, anwani za aina mpya, kama wanaitoa, au kifaa cha nyumbani kinachoanzisha chenyewe muunganisho kwenda nje.

Na jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito. Zamani ulikuwa umeifungulia kamera mlango moja kwa moja?

Kinanda

Ndiyo. Fundi wa kamera ndiye aliyefanya.

Mwanga_wa_Pili

Usirudie. Mlango ulio wazi kwako uko wazi kwa kila mtu, na kuna programu zinazopita kutwa zikijaribu kila anwani duniani. Hiyo ni sebule ambayo mgonjwa amelala. Ukipata anwani ya umma, weka WireGuard, programu ya njia ya siri (VPN), kwenye ruta, simu iingie nyumbani kwanza kwa ufunguo, ndipo ifungue kamera.

Kinanda

MREJESHO wa tatu, siku ya tisa.

Nimepiga simu. Wa kwanza aliniambia ruta yangu ni nzima na tatizo ni kamera. Nikasema maneno ya Mwanga_wa_Pili kama yalivyo. Akaniweka kusubiri dakika kumi na mbili, akaja mwingine, sauti ya utulivu, akaelewa sentensi ya kwanza. Akaomba niandike barua pepe ya ombi. Nikaunganisha na ombi la pili, ruta yao iwekwe katika hali ya daraja, yaani ipitishe tu intaneti hadi kwenye ruta yangu. Jioni yake anwani imebadilika, na sasa ya kwenye ruta na ya kwenye tovuti zinafanana.

Kaka yangu ameniletea ruta inayotumia OpenWrt, programu huria ya ruta yenye SQM. Tumekaa nayo Jumamosi nzima. Kikomo cha kupakia tumeweka 45, kupakua 275. Mwanangu akapakia video ya dakika ishirini huku ping ikiendelea: 10, 12, 11, 14, 12. Nilikuwa na daftari, nimeziandika namba hizo mstari kwa mstari, maana nataka nikumbuke zilivyokuwa siku ile.

Kasi ya chumba cha kazi sasa ni 268. Nimepoteza ishirini na moja, na sizioni popote.

Msafiri_wa_Usiku

Dada hongera. Nimekaa nikifikiria uzi huu siku mbili. Mimi nilirudi laini ya zamani bila kupima kwa waya hata mara moja, na ruta yangu nayo ilikuwa chini nyuma ya televisheni. Inawezekana kampuni ilikuwa na makosa kweli, lakini sasa sina namna ya kujua. Kuna kampuni ya tatu inapitisha faiba mwezi ujao. Nikiichukua, nitapima nini siku ya kwanza?

Koleo

Kabla fundi hajaondoka, mwombe apime kwa waya, kompyuta yako, kwenye ruta. Simu yake isikutoshe. Mwombe akuonyeshe nguvu ya mwanga inayofika kwenye kisanduku: -19 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ni salama, ikikaribia -27 uko ukingoni na mvua au uzi uliokunjwa utakuangusha. Soma anwani ya IP ya ruta. Pima pingi ukiwa unapakia. Kisha rudia kipimo cha waya saa mbili usiku, siku tatu mfululizo, uandike saa na namba. Ukiwa na karatasi hiyo hawatakwambia zima uwashe. Na laini ya zamani usiikate hadi umalize.

Kinanda

Leo ni siku ya 12. Nimekata laini ya zamani asubuhi, ruta yao nimeifunga kwenye boksi kuirudisha.

Saa saba mchana nikiwa ofisini nimefungua kamera. Imechukua sekunde mbili. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya stuli, msaidizi anamchania nywele.